Gia ya Sita kwenye Kona ya Noack

Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu Vince Perrotta afe, na Sajini Bronwyn Teakle alikuwa amechuchumaa kwenye saruji baridi ya banda la polisi, mbele ya pikipiki iliyomuua. Magoti yalimuuma. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, kumi na tisa kati ya hiyo kwenye kitengo cha ajali, na hakuna mtaro hata mmoja katika vilima vyote vya mashariki ya Adelaide ambao magoti hayo hayakuwahi kuushuka.

Pikipiki ilikuwa nyekundu, ya Kijapani, ya mbio, injini ya lita nzima. Pua yake ilikuwa imebondeka, tanki limeingia ndani, na udongo mwekundu wa bondeni ulikuwa umekauka vipande vipande kwenye magurudumu. Bronwyn alimulika tochi upande wa kushoto wa injini, akaona bolti moja iliyozibwa na udongo huo, akapita. Udongo haukuwa habari. Habari ilikuwa gia.

Konstebo Jim Halkias alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, ripoti mapajani, koti limefungwa mpaka kidevuni.

"Bosi, mchunguzi wa vifo anaitaka saa kumi. Sasa hivi ni saa tano."

"Isome tena."

"Nimeshaisoma mara mbili."

"Ya tatu haitakuua."

Jim akavuta pumzi, akasoma kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kusoma maandiko kanisani. Perrotta, miaka hamsini na miwili, mkulima wa cheri. Jumapili alasiri alifika kwa Glenn Liebelt, fundi wa malori, kuijaribu pikipiki iliyotangazwa kwenye mtandao. Aliacha leseni yake na funguo za pikapu mezani kwa Liebelt kama dhamana, akaondoka saa tisa na dakika arobaini, akiahidi kurudi baada ya dakika ishirini. Kilomita sita kutoka hapo, kwenye kona iliyo chini ya shamba la Noack, alikwenda moja kwa moja, akakata seng'enge akiwa bado wima, akaangukia bondeni. Mwendo wa kukadiria, kilomita themanini kwa saa. Barabara kavu. Hakuna alama ya tairi kuteleza.

"'Gia iliyokutwa: ya sita,'" Jim akamalizia. "'Dereva hakuonyesha jitihada yoyote ya kupunguza mwendo. Marehemu alipoteza mavuno kwa jalidi misimu miwili mfululizo, alikuwa akitumia vidonge vya usingizi, na mwezi Mei alimwambia kaka yake kwamba amechoshwa na kila kitu. Inaelekea alikusudia.' Inabaki saini yako tu."

Bronwyn hakuitia saini. Wiki nzima alikuwa amezitegemea tairi. Zilikuwa mpya, na tairi mpya ina utelezi wake siku ya kwanza. Kila mwendeshaji anajua hivyo. Lakini pikipiki inayoteleza hulala ubavu na kuacha mkwaruzo. Hii ilikwenda imesimama kama iliyoongozwa kwa kamba, kwa hiyo tairi zikatoka kwenye hesabu, ikabaki hiyo sentensi ya mwisho.

Na alikuwapo Tina, mjane. Mara nne alikuja kituoni, akaketi kwenye kiti cha plastiki na mkoba wake magotini, akangoja mpaka aitwe. Hakutaka fidia, hakutaka mtu afungwe. Kila mara aliuliza lilelile: "Nataka kujua kama alituacha, au alikuwa anarudi nyumbani." Mara ya nne aliuliza kwa sauti ndogo kuliko zote, na Bronwyn akajisikia vibaya mpaka jioni.

"Jim, umewahi kuendesha pikipiki?"

"Mama alisema siku nitakayoinunua nisikanyage tena kwake. Na wewe unajua mama anavyopika."

"Hii gia ya kwanza peke yake inakufikisha mia na hamsini."

"Ya kwanza?"

"Ya kwanza. Mtu anayetaka kufa kwa mwendo ataingiza ya pili, au ya tatu, akaze mpaka mwisho. Huyu yuko ya sita kwa themanini. Injini ilikuwa inasinzia."

"Labda alikuwa anajiendea polepole."

"Kama anajiua, kwa nini polepole? Na kama anajiendea polepole, kwa nini kona imshinde? Mimi kona ile nimeipita mara mia. Kwa themanini unaipita kama una akili na breki."

Jim alikuna shavu. Bronwyn akainuka kwa kushika kiti cha pikipiki, kiuno kikalia.

"Kwenye ripoti umeandika shahidi Noack alisikia injini ikinyamaza."

"Ndiyo. Bibi wa miaka themanini na moja. Alinilisha keki mpaka nikashindwa kuandika."

"Naona. Baki hapa. Nitakupigia simu."

Bibi Ilse Noack alikuwa na keki nyingine mezani, ya makombo ya siagi na sukari juu yake, na Bronwyn alikula kwa sababu hakuwa amekula tangu alfajiri na kwa sababu katika nyumba zile huulizi kitu kabla hujala. Dirisha la jikoni lilitazama barabara. Chini yake kulikuwa na kona, uzio ukiwa na waya mpya, na bonde.

"Miaka arobaini na nne nawasikia," bibi alisema. "Kila Jumapili. Marehemu mume wangu alitaka kuweka matuta barabarani. Mimi nilishazoea, hata kanisani nikawa nawakumbuka."

"Huwa wanasikikaje, mama, wakikaribia kona?"

"Wanapiga kelele mara mbili. Waa. Waa. Hapo najua wameshaishika kona, naendelea na vyombo vyangu."

"Na huyu?"

"Huyu alikuja vizuri tu. Si mwendo wa wale wehu. Halafu ikanyamaza. Ikanyamaza tena. Halafu nikasikia waya."

Bronwyn aliweka uma chini. "Ilinyamaza mara moja, au mara mbili?"

"Mwanangu, nimekwambia. Ikanyamaza, ikanyamaza tena. Ilivuma chini, halafu chini zaidi. Yule kijana wako wa Kigiriki hakuuliza ni mara ngapi. Alikuwa na haraka, na mdomo umejaa."

"Mtoto wa mama huyo. Ukapiga simu?"

"Papo hapo. Lakini gari la wagonjwa linatoka mbali, na wale ni watu wa kujitolea, mpaka waache kazi zao. Glenn ndiye aliyetangulia, na pikapu ya Vince. Nilimwona akishuka bondeni. Akapiga magoti." Bibi alifuta ukingo wa meza kwa kiganja. "Nikasema, Glenn huyu hajaonekana kanisani tangu kipaimara, leo anaomba."

"Alipiga magoti kwa Vince?"

"Vince alikuwa mbali kidogo, penye mkaratusi. Alipiga magoti kwenye pikipiki."

"Muda mrefu?"

"Sala ya Bwana unaisali mara tatu ukamaliza."

Bronwyn aliaga, akapewa kipande cha keki ndani ya karatasi ampelekee Jim, akaenda kukaa ndani ya gari bila kuwasha injini. Yeye mwenyewe aliuza pikipiki yake miaka tisa iliyopita, baada ya kumtoa msichana wa miaka ishirini kwenye mtaro na kugundua kwamba hamu imeisha. Lakini sasa alifumba macho, akajiweka barabarani juu ya kona, akaishusha mikono kwenye usukani kama ameshika vishikio. Kona inakuja. Funga mafuta. Na mguu wake wa kushoto, wenyewe, bila kuagizwa, ukakanyaga zulia la gari. Ukakanyaga tena.

Ndivyo kila mwendeshaji wa huko anavyofanya. Unakanyaga pedeli, gia inashuka, injini inapiga kelele na kukuvuta nyuma. Unakanyaga mara mbili, kelele mbili. Waa, waa. Bibi Noack aliwasikia hivyo miaka arobaini na nne.

Lakini wako watu wachache, wa uwanja wa mbio, wanaozigeuza gia. Kwao kukanyaga ni kupandisha, kuinua ni kushusha. Inawafaa wakiwa wamelala kwenye kona. Kwenye pikipiki ya namna hiyo, ukikanyaga kutafuta gia ya chini, unapata ya juu. Injini inanyamaza. Ukishtuka na kukanyaga tena, inanyamaza zaidi. Kutoka ya nne utakuta uko ya sita, na hakuna kinachokuvuta nyuma, na kona imeshafika.

Alikumbuka ile bolti. Akatoa simu.

"Jim. Upande wa kushoto, nyuma ya pedeli ya gia. Kuna kijiti cha chuma kinashika mhimili unaotoka ndani ya injini. Kimebanwa na bolti yenye tundu la pembe sita."

Akasikia tochi, kisha pumzi za mtu aliyeinama. "Naiona."

"Ndani ya tundu kuna nini?"

"Udongo. Mwekundu."

"Umerukia, au umeshindiliwa?"

"Umeshindiliwa. Ni kama mtu kausukuma kwa ufunguo wa bolti. Pembe zake zinaonekana."

"Sasa tazama bolti nyingine za aina hiyo, zote za upande huo. Zihesabu."

Alingoja. Kwenye uwanja wa bibi kuku watatu walikuwa wakiparua chini ya mti wenye maua ya manjano.

"Kumi na nne pamoja na hii, bosi. Zimejaa grisi ya mnyororo na vumbi. Zile nyingine kumi na tatu hazina udongo hata punje. Na kuna kitu kingine. Pale kwenye injini pana alama safi, umbo la kile kijiti, kama picha iliyotolewa ukutani. Lakini kijiti hakiko hapo. Kimetazama upande wa pili."

"Piga picha zote, weka na rula. Nitumie. Halafu mpigie mchunguzi wa vifo, mwambie leo saa kumi hapati kitu."

"Atauliza sababu."

"Mwambie niliandika upuuzi. Nitaurekebisha."

"Niliandika mimi, bosi."

"Na mimi nilitaka kuutia saini. Piga picha."

Glenn Liebelt alikuwa kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, akinawa mikono kwa sabuni ya unga. Mtu wa miaka thelathini na minne, mpana, mwenye vikombe vinne vya mbio kwenye rafu na kalenda ya kampuni ya tairi. Meza ambayo Vince aliacha leseni na funguo ilikuwa pale mlangoni.

"Sajini. Nilidhani mmemaliza."

"Hata mimi. Nimekuja kwa ajili ya pedeli."

Aliendelea kunawa. Mikono ilikuwa imeshatakata. "Pedeli gani?"

Bronwyn aliweka simu mezani, picha ya bolti juu. Alikuwa amechoka kiasi cha kutosha kukaa kimya bila taabu, na hiyo ni mojawapo ya faida chache za kuchoka. Glenn akaitazama picha, akafunga bomba, akatafuta taulo ambayo ilikuwa begani mwake.

"Nilimwambia," akasema.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, Sajini. Hapa hapa uliposimama. Nikamwambia kaka, gia zimegeuzwa, ya kwanza juu, zilizobaki chini. Nikamfanya arudie kwa mdomo wake. Akacheka, akasema alikuwa anaendesha pikipiki mimi bado niko kwenye nepi. Nikamwambia sawa mzee, lakini zunguka uani kwanza. Akazunguka mara mbili. Safi kabisa. Akatoka hapo getini hakukosea hata gia moja."

"Nakuamini."

Glenn akamkodolea macho. Inaelekea alikuwa amejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo.

"Kilomita sita aliendesha kwa kichwa," Bronwyn alisema. "Kona ikamshtua, akaendesha kwa mguu. Mguu wake ulikuwa na miaka thelathini na tano ya kukanyaga. Wewe uliuambia kwa dakika moja. Hilo si kosa lako na si kosa lake. Sasa niambie la bondeni."

Aliketi juu ya tairi la lori. Ufunguo wa bolti ulikuwa mfukoni, alisema, siku zote huwa mfukoni. Aliposhuka alimwona Vince alivyolala, akajua kwamba hakuna cha kufanya. Kisha akaitazama pikipiki, akaona iko gia ya sita. Alielewa palepale.

"Nikawaza, tulikuwa wawili tu na mmoja amekufa. Nani ataamini kwamba nilimwambia? Watasema nimempa mtu pikipiki iliyogeuzwa akajiue nayo. Mkono ukaenda wenyewe, ukakigeuza kijiti, gia zikawa za kawaida. Dakika moja. Hata sikuwaza."

"Hilo naliamini pia. Lakini siku ya tatu gazeti likaandika alijiua. Hapo ulikuwa na muda wa kuwaza."

Glenn aliinamia mikono yake iliyotakata.

"Ulikwenda mazishini?"

"Nilikaa nyuma."

"Tina alikuona?"

Glenn alikunja taulo, akaikunja tena. "Alinijia nje. Alinishukuru kwa kwenda kumtafuta mume wake."

Bronwyn alikasirika, na hasira ikamwelemea kama mzigo mwingine tu wa kubeba mpaka garini. Mtu huyu hakuwa mwovu. Mwovu angempa nguvu. Alikuwa mtu wa kawaida, mkarimu kiasi, aliyefanya jambo lake kwa uangalifu kisha akaogopa kwa dakika moja, na kwa dakika hiyo akafuta kitu pekee duniani kilichoweza kumsemea marehemu. Angeiacha bolti ilivyo, wangeikuta, wangemhoji nusu saa, na angelala kwake usiku uleule.

"Sajini. Alikuwa... nilipokuwa pale chini, alikuwa bado hai?"

Angeweza kumwacha na swali hilo. Alilifikiria kidogo.

"Daktari anasema alikufa papo hapo. Lakini wewe hukujua. Ulimpita ukaenda kwenye bolti." Akachukua simu yake. "Kuharibu ushahidi ni kosa, na nitakushtaki. Kesho saa tatu uje kituoni na wakili. Vaa kitu safi."

"Na Tina? Nimwendee?"

"Usimwendee. Nakwenda mimi."

Miti ya cheri ya Perrotta ilikuwa mitupu, safu baada ya safu, nyavu za ndege zimekunjwa na kufungwa juu ya nguzo kwa kamba za buluu. Zilifungwa kwa mafundo ya mtu mmoja, mwangalifu. Tina alimfungulia mlango wa jikoni kabla hajabisha. Mwanamke mfupi, sweta la mumewe, viatu vya sufu vya ndani. Aliweka birika la kahawa motoni bila kuuliza, akabaki amesimama.

"Sema tu," alisema. "Ukinizunguka nitajua."

"Hakuwaacha, dada. Alikuwa anajaribu kupunguza mwendo."

Tina alishika ukingo wa sinki.

Bronwyn alimweleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Gia zilikuwa zimegeuzwa. Vince aliambiwa, alielewa, aliendesha vizuri. Alipofika konani alifanya kile alichofanya kwenye kila kona ya maisha yake, na kwa pikipiki ile kikawa kinyume. Alimweleza pia habari ya Glenn na bolti, kwa kuwa angeisikia dukani kesho, na ni afadhali aisikie jikoni kwake.

"Yule," Tina alisema. "Nilimshika mkono yule."

"Najua."

"Siku kumi na moja. Binti yangu hataki kulala chumbani kwake. Kaka yake Vince haingii tena humu, anasema alipaswa kujua, alipaswa kuona. Padri ananiongelesha kwa sauti ya chini kama nina ugonjwa." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti haikuyumba. "Na Glenn anakaa kiti cha nyuma mazishini."

Bronwyn alifungua mkoba, akatoa bahasha ya kahawia, akamwekea leseni mezani. Kwenye picha Vince alikuwa amekunja uso, kama kila mtu kwenye leseni yake.

"Aliiacha kwa Glenn kama dhamana," alisema. "Ndivyo wanavyofanya. Unaacha kitu ambacho lazima urudi kukichukua."

Tina aliitazama leseni bila kuigusa. Kahawa ilianza kufurika kwenye birika, akazima moto, akarudi. Alionekana anafikiria jambo la vitendo, kama mtu anayekumbuka bomba gani la shamba linavuja.

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Alikanyaga mara ngapi?"

"Mara mbili."

Tina alishika mgongo wa kiti. Akainua ncha ya kiatu chake cha kushoto, akakanyaga sakafu ya mbao, taratibu. Akakanyaga tena.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo," Bronwyn alisema.

Tina alibaki akiutazama mguu wake. Kisha akaenda mlangoni, akamwita binti yake ashuke chini aje asikie.